Maji ya Kumzimia Yako Wapi?

Huenda baadhi yenu mkastaajabu kuona kwamba safari hii tumeyaacha mas'ala tuliyoyazoea, tukashika kalamu kuandika juu ya mkebe wa dawa ya mbu. Walakini jambo dogo likipuuzwa na wakubwa, wadogo hufundishana wenyewe, na hili tutakalolitaja limekwisha kufundishwa sana. Ni mchezo wa vijana. Mmoja hushika mkebe wa kupulizia, wa dawa ya mbu au wa manukato, huwasha kiberiti cha gesi mbele ya tundu lake, kisha hubonyeza. Hutoka ulimi wa moto wa kiasi cha mkono wa mtu au kuzidi. Mwenzake husimama kando na simu, akipiga picha ili wasiokuwapo nao waone.

Niliuona mchezo huu kwa macho yangu, si Mombasa wala Malindi, bali Buna. Kwa asiyeijua, Buna ni mji mdogo wa wafugaji, kaskazini ya Wajir, katika njia iendayo Moyale na mpaka wa Uhabeshi. Katika Vita Vikuu vya Pili jina lake lilitajwa, kwani mwaka 1940 majeshi ya Italia yalipoikamata Moyale yalishuka mpaka hapo. Vita vilipokwisha ulimwengu uliisahau, na watu wake wakaendelea na ngamia wao na visima vyao.

Nilikuwa mgeni wa mtu mmoja aliyenikirimu sana. Baada ya swala ya Magharibi tulikaa uani tukinywa chai ya maziwa ya ngamia, na vijana watano wa jirani wakakusanyika karibu na ukuta. Moto wa kwanza ulitoka mrefu, wakapiga ukelele wa furaha. Wa pili, upepo uligeuka, ukamrudishia mwenye mkebe moto wake, ukamla nyusi na nywele za mkono. Naye alicheka kuliko wote, na yule mwenye simu akamwambia arudie, kwani picha haikutoka vizuri.

Hapo akatoka ndani mama mmoja mtu mzima, nyanya wa mmoja wao. Vijana wakamwita ayeeyo, yaani bibi. Hakupiga kelele wala hakutukana. Alinyosha mkono, akautwaa mkebe, akasema maneno machache kwa Kisomali, na vijana wote wakanyamaza. Nikamwuliza mwenyeji wangu, "Amesema nini?" Akanijibu, "Amewauliza, huyu akishika moto, maji ya kumzimia yako wapi?" Nikatazama mlangoni. Palikuwa na jerikeni moja, nusu yake tupu, na hayo ndiyo yaliyokuwa maji ya kupikia na ya kutawadhia mpaka asubuhi.

Swali la mama yule sikulipatia jibu njiani nilipokuwa nikirudi, na nilipolileta katika darsa yetu lilizua mjadala mrefu. Nitaueleza hapa kadiri niwezavyo. Lakini kwanza yatupasa tujue ni kitu gani kilichomo ndani ya mkebe, kwani mtu hawezi kuhukumu jambo asilolijua, na wengi wetu hununua mikebe hii kila mwezi bila ya kujua.

Mkebe wa kupulizia dawa ya wadudu ulienea kwa sababu ya vita vile vile vilivyofika Buna. Katika miaka ya 1940 wataalamu wawili wa Kimarekani, Goodhue na Sullivan, walitengeneza mkebe wa chuma kizito ili askari wao waliokuwa katika nchi za malaria waweze kuua mbu ndani ya mahema. Gesi iliyosukuma dawa ile ilikuwa ya namna isiyowaka. Baadaye ikaja mikebe myembamba, mepesi na ya bei ndogo, nayo kwa miaka mingi ilitumia gesi za jinsi ile ile. Mwaka 1974 wataalamu wengine wawili, Molina na Rowland, walionya kwamba gesi hizo zikipanda juu zaweza kuula utando wa ozoni uukingao ulimwengu na ukali wa jua. Mwaka 1987 mataifa yakapatana mjini Montreal kuziondoa, na ofisi ya kimataifa iuangaliayo mkataba huo iko Nairobi. Mahali pa gesi zile, katika mikebe mingi, waundaji wakatia butani na propani, yaani gesi ile ile ya mtungi wa jikoni.

Basi mzee akisema, "Sisi tulipuliza dawa hizo karibu na taa na hapana lililotokea," huenda asema kweli. Mkebe wake haukuwa mkebe huu. Dunia ilijikinga na khatari moja kwa kukubali nyingine, na sisi hapa tulipata mkebe mpya bila ya kupata khabari yake.

Gesi hiyo imebanwa mpaka ikawa maji. Ikitoka nje hurudi kuwa gesi na kutanuka zaidi ya mara 200. Ni nzito kuliko hewa, kwa hivyo katika chumba kilichofungwa hutambaa chini na kukaa, ikingoja cheche. Ikiwaka, ulimi wake hupita digrii 1000, na ngozi ya binadamu ikiguswa na kitu cha digrii 70 huharibika kwa muda wa sekunde moja tu. Hapo hapana nafasi ya kuvuta mkono.

Watu husema khatari yake ni kwamba moto hurudi ndani ya mkebe. Hilo silo la kuogopwa kwanza, kwani ndani hamna hewa ya kuufanya uwake. Linaloogopwa ni mkebe wenyewe kupata joto. Maji yale ya gesi huchemka, msukumo huzidi, na bati jembamba lisipoweza kustahimili hupasuka mkononi mwa aliyelishika, na kila kilichobaki ndani huwaka kwa mara moja. Ndiyo sababu imeandikwa kwenye mikebe hii kwamba isifikiwe na joto la kuzidi digrii 50, wala isitobolewe wala kutiwa motoni, hata ikiwa imekwisha. Maandishi hayo huwa madogo, na aghalabu ni ya Kiingereza. Gari lililofungwa na kuachwa juani katika nchi kama ya Wajir laweza kuipita digrii hiyo bila ya mtu kuwasha kiberiti. Na shimo la kuchomea taka, ambalo kila mtaa unalo, hupokea mikebe hii pamoja na maganda na karatasi, kisha watoto huizunguka shimo wakisubiri mlio. Mkebe unaosemwa ni mtupu haukosi mabaki.

Anayedhani twatia chumvi na akumbuke yaliyotokea Embakasi, Nairobi, usiku wa kuamkia Ijumaa tarehe 2 Februari 2024. Gari lililobeba gesi ya namna hii lililipuka katika mtaa wa watu. Watu walikufa na zaidi ya 200 wakajeruhiwa, na mamlaka ya nishati ikasema mahali hapo hapakuwa na idhini ya kujaza gesi. Mkebe wa dukani si gari la gesi, hilo twalikubali. Lakini kilichomo ni kimoja, tofauti ni kipimo.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Kijana akikatazwa husema, "Mwili ni wangu. Nikiungua, nimeungua mimi." Katika darsa yetu alikuwako ndugu aliyeitetea hoja hii, si kwa kuupenda mchezo, bali kwa kutaka tuone haki iko wapi. Alisema, "Mbona hatumkatazi mvuvi kwenda baharini wakati wa kusi? Mbona hatumkatazi mchimba kisima? Hao nao hujitia khatarini, na wengine hufa."

Maneno hayo yana uzito, wala hayajibiki kwa kukunja uso. Hapana maisha yasiyo na khatari, na dini haikutuamrisha tukae ndani tukijifunika blanketi. Lakini mtazameni mchimba kisima. Wajir ni nchi ya visima, vingi mno, na vingi katika hivyo vilichimbwa kwa mikono. Mtu ashukaye kisimani hushuka kwa haja, kwani watu wake na wanyama wao watakufa kwa kiu. Tena hashuki peke yake. Juu ya kisima amesimama mwenzake ameshika kamba, na macho yake hayabanduki kwenye shimo. Kamba ile ni jibu la swali la mama wa Buna kabla halijaulizwa.

Katika mchezo wa moto yuko pia mtu aliyesimama kando, macho yake hayabanduki. Tofauti ni kwamba mkononi ameshika simu. Mwenzake akiwaka, itambidi achague baina ya kuiweka chini na kuendelea, na hata akiiweka hana blanketi wala maji ya kumzimia, kwa sababu hakuja pale kuokoa. Alikuja kutazama. Na lau hakuja, mchezo usingalichezwa, kwani sijapata kumwona kijana awashaye mkebe peke yake gizani kwa raha ya nafsi yake.

Kwa hivyo mimi naona kwamba twaikosea mas'ala hii tunapomwuliza mwenye mkebe peke yake. Nusu ya kitendo ni ya mtazamaji. Yeye ndiye aliyesema "rudia." Akisema, "Mimi sikuwasha," asema kweli, lakini kweli hiyo haimtoi.

Katika Sahihi ya Bukhari mna khabari iliyo karibu mno na jambo hili. Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, alituma kikosi, akakiwekea amiri na kuwaamrisha watu wamtii. Siku moja amiri yule alikasirika. Akawaambia wakusanye kuni, wakakusanya. Wawashe moto, wakawasha. Kisha akawaambia wauingie. Wakasimama wakitazamana, wakawa wanashikana na kuzuiana, wakisema kwamba wao walimkimbilia Mtume kwa kuukimbia moto. Wakabaki hivyo mpaka moto ukafifia na hasira yake ikatulia. Khabari ilipomfikia Mtume alisema kwamba lau wangaliuingia wasingalitoka tena, na kwamba utiifu ni katika jambo jema tu. Na katika mapokezi mengine, yaliyomo katika kitabu cha Ibn Majah, amiri huyo alikuwa mtu wa mzaha, na alipowaona baadhi yao wamejifunga nguo tayari kuruka, aliwazuia akasema alikuwa akifanya mzaha nao.

Mara nyingi khabari hii husomwa kwa ajili ya kujua mpaka wa kuwatii watawala, na hiyo ni haki yake. Lakini mtazameni mwanzishaji wa mzaha, namna alivyokaribia kuua watu ambao hakutaka wafe. Na watazameni wale waliojifunga nguo. Hawakuwa wajinga wala waoga, walikuwa tayari kuungua kwa sababu mtu wanayemheshimu amewatazama na kusema "ingieni." Ikiwa amri ya amiri haikuwa udhuru, itakuwaje amri ya rafiki mwenye simu? Waliookoka waliokoka kwa kushikana. Walifanya kazi ya mtu wa juu ya kisima.

Tena hiyo kauli ya "mwili ni wangu" haisimami hata kwa hesabu za dunia. Tabibu watatuambia kwamba dawa ya kwanza ya aliyeungua ni maji ya baridi ya kawaida, yanayotiririka juu ya jeraha kwa muda wa dakika 20. Bomba likifunguliwa kwa kiasi cha lita 5 kwa dakika, hizo ni lita 100, jerikeni tano. Kule Buna jerikeni tano ni maji ya nyumba nzima. Mama gani hatayamwaga juu ya mwanawe? Atayamwaga yote, na watoto wake wengine watalala na kiu. Kisha jeraha likiwa kubwa litataka tabibu wa jambo hilo, na wodi mashuhuri ya majeruhi wa moto iko Nairobi, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, zaidi ya kilomita 600. Gari litakodiwa, ngamia watauzwa, jamaa watachangishana, na mtu mmoja ataacha mifugo yake akakae pembeni ya kitanda kwa miezi. Wote hao hawakuulizwa siku ile mkebe ulipowashwa.

Na hapa ndipo twaona dhulma moja iliyojificha. Mchezo huu haukuzaliwa Buna. Ulifika kwa simu, ukitoka katika miji ambayo gari la wagonjwa hufika kwa dakika chache na maji hutoka ukutani. Kijana wa Buna auona moto wa kijana wa mbali, haioni hospitali iliyo nyuma yake. Mchezo umesafiri, hospitali haikusafiri.

Ama sisi watu wa pwani, tusidhani kwamba twasimama mbali tukiwasikitikia. Bidhaa nyingi zitumiwazo Kenya huingia kwa bandari yetu, na wengi wetu ni watu wa duka. Na vijana wetu ndio hao hao wenye simu. Picha watakayoitia mtandaoni leo usiku baada ya fataki za Idi itaonwa kesho na mtoto aliye mahali pasipo na bomba. Ndugu mmoja mwenye duka aliudhika niliposema hivi katika darsa. Alisema, "Basi na visu nisiuze? Na mafuta ya taa?" Nikamjibu, na bado ndilo jibu langu, kwamba kisu hakihitaji maelezo, kila mtu ajua kimekatiwa nini. Mkebe wa manukato una picha ya ua. Auzaye kitu kilichofichika khatari yake ana deni la ulimi kwa mnunuzi, nalo ni deni jepesi: maneno mawili wakati wa kurudisha chenji. Na mtoto ajaye na kiberiti mkono mmoja na pesa za mkebe mkono wa pili, basi na amwulize ametumwa na nani. Ndugu yule hakukubali papo hapo. Alisema atafikiri, nami namheshimu kwa hilo kuliko angelinikubalia kwa adabu.

Sitaki kumaliza bila ya kurudi kwenye maji, kwani huenda kuna mzazi asomaye haya ambaye tayari amepata msiba huo, au atapata. Mtu akishika moto nguo, asikimbie. Na aangushwe chini abiringishwe, afunikwe kwa kanga nzito au blanketi la pamba mpaka moto ufe. Pete na saa zivuliwe mapema kabla ya uvimbe, na nguo iliyogandamana na ngozi isivutwe. Kisha maji. Penye uhaba yasimwagwe kwa ndoo. Yamiminwe kidogo kidogo kwa kopo juu ya jeraha tu, kwa muda mrefu, na kitambaa safi kilichorowa kibadilishwe kila kinapopata joto. Dawa ya meno, unga, mafuta, na yai ambalo hapa kwetu hupakwa kwa imani kubwa, yote hayo yaachwe, kwani hufungia joto ndani na kuleta uchafu katika jeraha. Halafu apelekwe kwa tabibu, wala asifichwe kwa aibu ya kuulizwa aliunguaje. Najua nyumba ambayo mtoto alifichwa siku mbili kwa sababu hiyo.

Na wazee wa mtaa wa Buna walifanya nini? Hapana kikao kilichokaa. Yule kijana aliyeungua nyusi alikuja asubuhi kuniamkia kabla ya safari, akiwa ameona haya kidogo. Nilimwuliza kuhusu picha. Akasema yule mwenziwe bado anayo, lakini ayeeyo amemwambia kwamba akiituma, basi siku hiyo hiyo atakwenda kisimani kuteka jerikeni tano na kuziweka mlangoni, akae nazo, amngoje atakayeiga. Kijana alicheka aliponieleza, kisha akaacha kucheka.

Mkebe wenyewe niliuona ndani, juu ya kabati, mbali na jiko. Mvua zilikuwa zimenyesha wiki ile na mbu walikuwa wengi, na mama yule alikuwa akiutumia usiku, milango ikiwa wazi na taa imezimwa.